Mafuta Yangu na Mguu wa Shangazi

Chumba cha Panya,
Ghorofa ya pili, nyuma ya ngazi.
Alhamisi, 11 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Mguu unasemaje? Na Mjomba, kifua kimetulia, au bado mnagombania ule mto mmoja, wewe wa kuwekea mguu, yeye wa kuegemezea kifua? Mimi mwili mzima, chakula napata, ila usingizi umenihama.

Barua yako nimeipata. Nilicheka uliposema umekata picha yangu gazetini ukaibandika sebuleni, juu ya ile ya harusi yenu. Kisha nikafika pale unaposema umeacha kwenda kusafishwa kidonda hospitali, kwa kuwa mwanao ameshapata dawa. Nilikaa chini, panya wote wakinitazama.

Shangazi, dawa sina.

Yale mafuta ya gome la mti niliwapaka panya ishirini wenye vidonda, wakapona. Sikuweka kundi la kulinganisha, yaani panya wasiopakwa dawa, kwa sababu vizimba havikutosha. Kosa hilo ni langu. Kabla sijarudia jaribio, mwandishi mmoja wa gazeti akapita, akaniita Mama Vidonda, basi nchi nzima ikaitikia. Niliporudia, nusu niliwapaka dawa, nusu mafuta matupu yasiyo na dawa. Makundi yote mawili yakapona siku ile ile. Nimerudia tena miezi minne, mambo ni yale yale. Panya walikuwa wanapona wenyewe, mimi nawachafua manyoya tu.

Nilimpelekea mkuu wa maabara majibu. Akafunga mlango.

"Dada, wafadhili wanakuja mwezi ujao. Nyamaza kwanza, haya tutayaweka sawa."

Picha yangu iko getini, kubwa kuliko geti lenyewe. Chini yake watu wanasubiri tangu alfajiri, miguu imefungwa vitambaa, nami napita mlango wa kutolea takataka. Juzi mama mmoja alinitambua sokoni, akanibusu mkono. Niliona aibu, nikauvuta mkono nikaondoka. Wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hii imewambwa kwa ngozi yangu, Shangazi, na sioni pa kutokea.

Kazi sijaiacha. Nimeanza upya na gome la mti mwingine, na vizimba nimevigonga mwenyewe, vidole vimevimba. Huenda ikachukua miaka sita, huenda nisipate kitu. Mguu wako hauwezi kunisubiri. Rudi hospitali kesho asubuhi, nakupigia magoti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii aliyekuwa anaficha ni mimi.

Nisalimie Mjomba, Kaka Kinyozi na Bibi Mdogo, mwambie ukali wake nimeukumbuka.

Jambo la mwisho. Najua barua zangu huwa unawasomea majirani kwa sauti, ukiruka yale ya aibu. Mkuu amenikataza kusema, na habari ikimfikia nitatoka hapa na mkoba wangu tu. Hii wasomee yote, usiruke hata mstari.

Mungu akuponye, akupe na subira ya kunisamehe.

Mwanao akupendaye,
yule yule wa kabla ya gazeti