Anayekufa Hapigi Kelele

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza kile kitabu cha mpelelezi mlevi ambacho kila mtu anakisikiliza. Ofisi nzima wanacho kwenye simu, hata mfagiaji. Maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyaomba: hadithi tamu, msomaji mzembe. Sentensi anaianza kama askari wa gwaride, anaimaliza kama mtu anayesinzia. Pale muuaji anapotajwa — jina limemezwa! Nimerudisha nyuma, nimerudisha tena. Mwishowe nikamuuliza Fundi, yule wa mitambo, muuaji ni nani. Akashangaa. Si ametajwa, anasema. Ametajwa kwa nani?

Wasomaji wa siku hizi wanameza maneno. Wamejifunza wapi sijui.

Sasa na Asali naye ameanza. Asali! Sauti inayowafanya watu wanunue kitabu bila kuuliza kinahusu nini. Tunarekodi ile riwaya kubwa ya bibi na mkaza mwanawe, ambayo kila nyumba yenye rafu inayo na robo tu ya wenye rafu wameisoma. Mimi ndiye msikilizaji wa mwisho. Hakuna kitabu kinachotoka studio mpaka niseme "pita". Ndivyo ilivyo tangu studio ilipokuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Leo nimefika mahali bibi anapokufa, anamwambia mkaza mwanawe neno la mwisho. Nimesikia nini? Upepo. Nimekirudisha. Kirekodiwe upya, na apandishe sauti.

Jumatano, 5 Machi

Mama na mimi tumegombana kuhusu vitabu. Ndiyo raha yetu. Tangu sukari ilipomla macho, yeye kutwa kucha na vitabu vya kusikiliza, redio kaipa talaka.

Tulikuwa na kile cha namna ya kutajirika. Mimi: msomaji anaongea kama muuza magodoro. Mama: afadhali muuza magodoro kuliko yule mama wa riwaya za mapenzi anayevuta pumzi kabla ya kila busu, utadhani anaingia majini. Nikacheka mpaka machozi. Kwa Asali tukaachana njia. Mama anasema mtoto yule anakusomea kama ameketi kwenye ukingo wa kitanda chako. Nikamwambia amechoka, anamung'unya. Mama akaniomba nipunguze sauti ya simu, majirani nao wana vitabu vyao.

Naandika mbele yake, hawezi kuona. "Umeandika nini kirefu hivyo?" anauliza. Kumbe anaisikia kalamu ikikwaruza. Kalamu!

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya vita. Asali kaurudia ule ukurasa wa kifo, kaurudia tena, bado upepo. Kwenye kioo namwona midomo inacheza, uso umejaa huzuni, jasho. Kwenye hedifoni hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye: Panda! Akajibu kwa upole wake, "Dada, huyu bibi anakufa." Nikamjibu, "Na afe nikimsikia!"

Studio nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka, maskini. Akanywa maji, akasogea kwenye maiki, akasoma kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikamsikia. Kila neno! Machozi yalinitoka. Nikasema pita.

Nilimwona Fundi akimtazama Asali, na Asali akiinua mabega. Nikajisemea, sikio la kufa halisikii dawa. Hawa wataalamu wa kunong'ona wangekuwa wamezoea kuambiwa ukweli wasingenuna.

Jumapili, 9 Machi

Kitabu cha safari ya milimani. Maarufu. Watu hawamzungumzii hata msomaji, wanazungumzia ndege. Eti ndege wamerekodiwa hukohuko msituni na wanalia nyuma ya maneno tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimesikiliza sura nzima nikimngojea ndege wa kwanza. Nikamwambia Mama huu ni utapeli, wametangaza ndege hawapo.

Mama akaacha kumenya machungwa. "Mwanangu, si hao? Wamejaa tele."

Nikavua hedifoni. Nikasafisha kwa pamba. Nikabadilisha upande. Nikaweka simu sikioni kabisa, kama mtoto anayesikiliza saa. Sauti ya msomaji, sawa, tena kwa mbali. Ndege — hamna.

Nikasema ah, wale, nimewasikia sasa. Kwa nini nimemdanganya Mama kwa ajili ya ndege?

Jumanne, 11 Machi

Ee Mungu wangu.

Nilikuwa sebuleni na kazi ya ofisi, hedifoni masikioni. Mama kateleza bafuni. Kaita. Kaita tena. Kagonga ndoo ukutani. Jirani wa juu ndiye aliyekuja kugonga mlango, na mlango nao sikuusikia mpaka alipopita dirishani akanipungia mikono. Tulimkuta Mama amekaa sakafuni, kanga imelowa, ndoo bado iko mkononi. Hajavunjika kitu. Mkono umevimba. Aibu ndiyo iliyomuumiza zaidi, kuinuliwa na mwanamume wa watu.

Jirani akasema hizo hedifoni zenu zitatuulia wazee. Nikaitikia. Naam, nimekosa, hedifoni.

Baadaye nikaenda kuzizima. Zilikuwa zimezimika zamani. Hazina chaji. Nilikuwa nimekaa sebuleni na masikio matupu, nangoja kitabu kianze, namlaani msomaji kwa kunyamaza.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Nilimwambia bosi nampeleka Mama hospitali. Nikajipeleka mwenyewe.

Daktari wa masikio ni binti, angeweza kuwa mwanangu. Kaniingiza kwenye kijumba cha kioo, kuta zina sponji. Ningecheka! Maisha yangu yote nimekaa upande wa pili wa kioo kile nikiwahukumu watu, leo nimewekwa ndani. Akanipa kitufe. Bonyeza ukisikia mlio, hata mdogo. Nikakaa. Nikangoja. Nikamwona anageuza kinobu cha mashine yake, ananitazama, anageuza tena. Nikajua milio inapita na mimi sipo. Nikaanza kubonyeza kwa kukisia! Mtu mzima naibia mtihani wa masikio. Akatabasamu kwa huruma, akaingia, akanishika bega.

Masikio yote mawili. Sauti ndogo zimekwenda na hazirudi. Zilizobaki zinafuata, polepole, hajui kwa kasi gani. Kuna kifaa cha kuvaa, kitanisaidia kuzungumza na watu. Nikamwuliza kuhusu minong'ono. Akauliza kazi yangu ni nini. Nilipomwambia aliinamisha kichwa, akaandika muda mrefu.

Nimetembea mpaka nyumbani. Nikawa nazisikiliza nyayo zangu kwenye kokoto. Sikuzipata. Nimelia njiani bila kujali nani ananiona.

Sitamwambia mtu. Hii kazi ndiyo dawa ya Mama, ndiyo paa, ndiyo mimi. Nani ataajiri msikilizaji kiziwi? Ni kama mpishi asiye na ulimi.

Jumamosi, 15 Machi

Kitabu cha bibi kimetoka.

Watu wanacheka! Kipande cha kifo kimekatwa, kinazunguka kwenye simu. Wamekiwekea picha ya kondakta ananing'inia mlangoni mwa basi. Wengine wamekiweka mnadani: bibi anakata roho, nyanya zinauzwa. Kila mtu anauliza Asali kapatwa na nini. Kalewa? Kajivuna? Mmoja kaandika kwamba alimsikiliza Asali wakati anamuuguza mumewe, na sasa anaona kama kuna mtu kaingia kilioni na tarumbeta. Huyo hakucheka. Huyo ndiye aliyenichoma.

Mama alikisikiliza asubuhi kabla sijamzuia. Alifika pale, akasimamisha. "Kwa nini bibi anapiga kelele?" Nikasema sijui, labda ndivyo ilivyoandikwa. Mama akasema anayekufa hapigi kelele, yeye alikaa na mama yake na anajua. Neno la mwisho unaliinamia.

Nikaenda chumbani, nikajifungia, nikafungulia kitabu mpaka mwisho wa sauti. Maoni yangu ya haki: ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kusoma Asali. Bibi ananong'ona. Ananong'ona vizuri, kila silabi. Kwangu mimi tu. Dunia nzima imesomewa kelele ili mtu mmoja apate mnong'ono wake, na mtu huyo hata hakuomba radhi.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi alituita wote. Kamwuliza Asali mbele ya watu nani alimwambia apige kelele kwenye kitanda cha mgonjwa. Fundi akatazama viatu. Wahariri wakatazama viatu. Mimi nilitazama mdomo wa Asali, nimeanza kuwa hodari wa midomo. Akasema, "Mimi ndiye niliyesoma, bosi." Basi. Jina langu hakulitaja. Bosi kasema vitabu vya Asali vilivyobaki watapewa wengine, kesho saa nne akaonane naye ofisini wamalizane.

Nikakaa kimya. Naandika hapa ili niione: nilikaa kimya.

Baadaye Asali akaja mezani kwangu. Alisimama upande wa kushoto, sikujua kama yupo mpaka kivuli chake kilipoangukia kibodi. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Akasema, taratibu, nikimsoma mdomoni, "Dada, nimewaza sana. Wewe ndiye sikio langu. Kama ulisema pita, basi ulisikia kitu ambacho sisi hatukukisikia. Niambie ni nini, nijifunze."

Nikamwambia nina kazi nyingi.

Nimefika nyumbani siwezi kula. Mama kanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko kama anavyopapasa kitambaa dukani. Akaniuliza nimeanza lini kutosikia. Hakuuliza kama sisikii. Alikuwa anajua tangu ndege, anasema. Tangu kabla ya ndege: alikuwa akiniita jikoni kwa sauti ndogo, halafu kubwa kidogo, ananipima, halafu analia peke yake.

Nikamwambia yote. Ilibidi anijibu kwa kelele. Mama yangu, asiyepandisha sauti hata kwa mbwa, akawa anapiga kelele sebuleni ili nimsikie akinifariji! Mficha maradhi kifo humuumbua, alipayuka. Yeye aliificha sukari yake, akisema ni uchovu, ni jua, ni miwani, mpaka siku alipoamka gizani. "Wewe unaficha yako kwa mgongo wa mtoto wa watu. Mimi angalau niliificha kwa macho yangu mwenyewe."

Nikamwuliza tutakula nini. Akasema hajui. Hakunidanganya kwamba Mungu ataleta. Alisema hajui, akaendelea kunishika.

Jumanne, 18 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya bosi. Naandika magotini, mwandiko mbaya. Nimekuja mapema kabla moyo haujanigeuka. Karatasi ya daktari iko kwenye mkoba. Katibu nimemwambia nina neno na bosi, lazima liwe kabla hajamalizana na Asali. Akasema — nilimtazama vizuri mdomoni — subiri hapo Dada, utaitwa.

Asali kaingia. Amevaa shati la harusini. Kanipa mkono aliponipita, wake una baridi, wangu vilevile.

Nimejifunza maneno njiani. Bosi, kosa ni langu. Yule bibi alikuwa ananong'ona vizuri tangu mara ya kwanza. Mpe Asali vitabu vyake. Mimi sisikii. Hilo la mwisho nimelisema peke yangu barabarani mara nyingi, sijui kwa sauti gani, watu waligeuka.

Katibu kaondoka na mafaili. Barazani niko peke yangu.

Mlango wao uko wazi nusu. Naona kona ya meza na goti la Asali linacheza. Bosi simwoni uso, nauona mkono wake tu, unapanda na kushuka. Sasa umesimama. Goti nalo limetulia. Asali kageuka, anatazama mlangoni, upande wangu, ila mgongo wa kiti umemziba mdomo. Anamsubiri mtu? Au anatazama tu?

Niinuke? Nikiingia bila kuitwa nitaonekana nimechanganyikiwa. Nisipoingia na wao wameshaita, watasema sikutaka kuja.

Mkono wa bosi umepanda tena. Labda ananiita. Labda wameniita zamani.