Konekta Mpya ya Antena

Jumamosi, Kinyinya

Na mimi niliyekuwa nalaumu milima kwa redio yangu kutoshika! Kumbe ubovu ulikuwa kwenye konekta ya antena inayounganisha kebo, ile niliyoinunua dukani Muhima kwa sababu inang'aa. Ndani imelegea, mawimbi yote yanaishia humo.

Leo nimelehemu nyingine imara kwenye kebo, nikamwita kaka yangu aliyeko Bukoba kwa redio.

"Sasa nakupata vizuri kabisa," akasema. "Basi sikia. Mama anahamia kwako. Anasema mkeo hajui kupika, ndiyo maana umekonda."

Claudine, mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni na chai. Alisikia kila neno.

"Mwambie karibu sana," akasema, akaondoka na vikombe vyote viwili.

Naandika haya sebuleni, ambako naona ndiko nitakakolala.