Nyumba ya Bi Shaikha

Maskati, Rajab 1388

Kwa dada yangu mpenzi Masouda binti Mahfoudh,

Assalaam alaykum. Nataraji waraka huu utakukuta mzima, na Mama miguu imeshampa nafuu. Mimi mwili hauna kitu, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia.

Uliniuliza kama kweli nimekuwa mtu wa kutajwa. N'lipofika hapa mwaka ule wa machafuko ya Unguja, Kiarabu changu kilikuwa kichekesho. Nilibeba magunia bandarini Matrah, kisha nikawa nawaandikia watu maombi yao, kisha nikasoma sheria msikitini kwa Sheikh Marhoon. Sasa ni wakili, nawasemea watu mbele ya kadhi, na wale walionicheka hunipisha njia.

Mwezi uliopita alinijia bibi mmoja wa kijiji cha Yiti, Bi Shaikha. Watoto wa shemegi yake wanataka kumtoa nyumbani, wanadai mumewe keshafia ughaibuni. Yeye kashikilia kuwa yu hai, na kila Idi humfulia kanzu yake. Nikamwahidi kumtetea, nikamuuliza jina la mume.

"Mahfoudh bin Thani," akanambia. "Alikwenda Unguja kutafuta maisha."

Dada, hilo ni jina la Baba. Baba, aliyetwambia hana tena mtu Omani! Nikamuuliza alama za huyo mume. Akanitajia kidole cha shahada kilichokatika. Ndiye.

Mbele ya kadhi sikuweza kusema yu hai. Nikauvua uwakili nikawa shahidi, kwamba Mahfoudh ni baba yangu, na mikono yangu hii ndiyo iliyomtia kaburini. Wale jamaa wakaacha madai yao, maana akiwepo mtoto wa kiume wao hawarithi. Bi Shaikha hakulia. Tulipotoka nje akaniuliza, "Alikuwa akinitaja?"

Watu hapa husema Aflah hapindishi ulimi. Nikamjibu ndiyo, akikutaja sana.

"Akisema nini?"

Nikaanza kupanga karatasi zangu za kesi. Akanitazama, akaniwekea mkono kichwani, akenda zake.

Nyumba imekuwa mirathi yetu. Fungu langu nimeshamwachia. Nawe nakuomba umwachie lako. La Mama ndilo linalonikosesha raha, kwani hawezi kulitoa bila ya kujua analitoa kwa nani. Alidhani ni mke wa pekee maisha yake yote, na mimi sithubutu kumwandikia. Mwambie wewe, dada yangu, taratibu, ukiwa umekaa karibu yake.

Wasalimie watoto na jirani zetu wote waliobaki.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Aflah bin Mahfoudh