Kipini Nilichokivua Jumatatu

Jumapili, 4 Mei

Nguo za wiki nimepiga pasi. Madaftari ya kidato cha pili nimesahihisha nusu tu, mengine yatanisubiri.

Saidi amepiga saa kumi na mbili jioni. Kapanda kichuguu kutafuta mtandao, kama kawaida yake. Yuko Mloka wiki ya tatu sasa, analinda mpunga wa mama yake, ambaye yuko hapa Kibiti nami, analala juu ya dungu, jukwaa la miti, na debe lake la kugonga kufukuza tembo. Mto umepanda. Maji yamezunguka mashamba. Tembo wamepita kwa jirani na kulala juu ya mpunga kabisa. Nimemwambia arudi Kibiti, mpunga tutanunua. Akacheka. Kasema siku kumi tu, mpunga unaanza kuiva. Mume wangu mbishi.

Neno la wiki nimelipata nikijitazama kwenye kioo: kipini. Kila Jumatatu nabandika neno moja kwenye ubao wa matangazo wa shule, maana yake na asili yake. Wanafunzi watatu hulisoma. Wanne, nikiwa na bahati.

Jumatatu, 5 Mei

Nimebandika. Kipini: kwanza, mpini mdogo, kama wa kisu. Pili, pambo la pua la mwanamke, kijiti chenye kichwa kinachokaa juu ya mwanzi wa pua. Asili: mpini, ukitiwa ki- ya udogo. Nikaongeza ndugu zake. Hazama, ile pete ya pua, neno lililotoka Uarabuni. Kishaufu, kile kinachoning'inia, cha wanaopenda kutazamwa.

Mwalimu Mushi anashikilia kwamba ni pini tu, ya Kiingereza, tena ya karatasi. Nimemwambia bibi zetu walitoboa pua kabla hata karatasi haijafika huku. Ofisi nzima imecheka.

Mchana, nimesharudi nyumbani, nilitaka kuchora picha ya kubandika pembeni. Nikakivua changu. Miaka kumi na tisa hakijatoka puani mwangu, tangu siku ya harusi. Kilitoka kwa shida, pua ikawaka moto. Nilikuwa nimekiweka juu ya daftari, nachora, mama mkwe akaingia na kikombe cha chai.

Kikombe kilianguka. Aliniuliza swali moja, "Nani kakwambia uvue?"

Nikamwambia nachora tu, mama. Akageuka akaenda chumbani kwake. Kufikia sasa hajatoka. Saidi naye hajapiga.

Jumanne, 6 Mei

Pua imevimba. Kipini hakirudi. Nimejaribu kwa mafuta ya nazi mara tatu, machozi yakanitoka. Nimevunja kipande cha chelewa kwenye ufagio mpya, nikakichemsha, nikakichomeka ili tundu lisizibe. Naonekana kituko.

Mama mkwe amesema leo, baada ya alasiri. Bi Hadija si mtu wa maneno mengi, na ameniambia huku akitazama mlango. Kwao Mloka, kwa wanawake wa ukoo wake, mke haondoi kipini mwenyewe. Anavuliwa. Wazee wa kike wanamvua siku mume anapofariki, kabla hajaingia eda. Kwa hiyo wakisema fulani kavuliwa kipini, hakuna anayeuliza kilichotokea. Tena kukivua mume akiwa safarini ni kumtangulizia kifo.

Nilikuwa sijui. Mimi ni mtu wa Utete, kwetu kipini ni urembo tu, unakivua ukipenda. Miaka kumi na tisa naishi na watu hawa, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba kuna mwanamke asiyejua.

Hiki changu ndicho alichovuliwa yeye, baba yake Saidi alipozama. Ndicho alichonivika siku ya harusi. Tundu la pua yake limeziba siku nyingi, limebaki kidoa. Nilikuwa nakiona kila siku na sikuwahi kuuliza. Mwalimu wa asili za maneno.

Saidi hajapiga.

Jumatano, 7 Mei

Hajapiga. Namba yake haipatikani.

Nimejisemea yote ya kusema. Chaji imekwisha. Kichuguu kimezungukwa na maji. Simu imeingia maji, si mara ya kwanza. Yote yanawezekana, na yote hayanisaidii.

Mama mkwe hajala chakula changu. Kapika uji wake mwenyewe, kando, kwenye kisufuria kidogo. Nimekasirika. Nilitaka kumwambia kwamba kijiti cha dhahabu puani kwangu hakimfungi tembo wa Mloka. Nimeosha kisufuria chake. Ni mama yake Saidi.

Jioni wamekuja majirani wawili, akina mama. Hawakusema wamekuja kwa lipi. Walikaa mkekani, miguu wameinyoosha, wakaitazama chelewa iliyo puani mwangu, wakatazama chini. Sikupenda walivyokaa. Watu hukaa hivyo kwenye nyumba yenye jambo. Nikawapa chai, wakainywa bila kupiga soga, wakaondoka.

Nilikwenda stendi kuuliza gari la Mloka. Kondakta kasema barabara imekatika kwa maji, labda Ijumaa. Kasema pia tembo mwaka huu wamezidi. Sikumuuliza habari za tembo, kanipa bure.

Shuleni wameniuliza maana ya tatu ya neno, kama ipo. Nikasema haipo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekirudisha.

Nilifunga mlango, nikauma kanga, nikasukuma mpaka kikapita. Damu ilitiririka hadi kidevuni. Nilisimama mbele ya kioo nikacheka peke yangu, mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, naogopa kijiti.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mahali pengine.

Mama mkwe kaniona. Mchana alikula wali wangu, na jioni aliniita mwanangu. Nikaona kama kuna kitu kimerudi mahali pake. Nikasema kesho Saidi atapiga, atalalamika mbu, nami nitamgombeza.

Ijumaa, 9 Mei. Mloka.

Simu iliita saa nne asubuhi nikiwa darasani. Namba ya Athumani, jirani yake wa shambani. Nilijua kabla sijapokea.

Maji yamepungua, wakafika kwenye dungu lake leo asubuhi. Dungu limelala chini. Saidi alikuwa chini yake. Tembo.

Gari lilipita kwa shida, mimi na mama mkwe tumefika wameshazika. Isingewezekana kungoja. Sikumwona.

Baada ya magharibi wanawake walinizunguka. Mama mkwe aliwasogeza, akakaa mbele yangu yeye mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imepakwa mafuta. Alinishika kidevu. Kilipotoka, kidonda cha jana kikatoa damu tena, akaipangusa kwa upindo wa kanga yake. Sikulia mpaka hapo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimerudi Kibiti. Eda nitakaa hapa, mama mkwe pamoja nami. Hataki kurudi kwake.

Shehe alikuja asubuhi kuhesabu siku. Miezi minne na siku kumi, lakini kuanzia lini? Athumani alipigiwa simu. Alisema Jumatatu iliyopita, kabla ya alfajiri, alimsikia Saidi akigonga debe na kupiga kelele. Kisha kimya. Athumani akadhani tembo wameondoka. Kulipokucha akapanda kijijini, mtoto wake alikuwa na homa, na maji yakamfungia njia. Alilia kwenye simu kama mtoto.

Basi shehe kahesabu kuanzia Jumatatu ile, alfajiri.

Alipoondoka, mama mkwe alikaa akihesabu kwa vidole. Kikombe cha chai kilivunjika Jumatatu mchana. Wakati ule Saidi alikuwa ameshakufa. Nilikuwa nachora picha, nami ni mjane.

Akanishika mkono. Akasema, "Basi hukukosea, mwanangu. Nisamehe."

Nimemsamehe. Nilipaswa kufurahi kwamba si mimi. Lakini tangu Jumanne ile nilikuwa naomba jambo moja tu, niwe nimekosea, na Saidi arudi anicheke.

Mwalimu Mushi kaja na wenzake kutoa pole. Kaniletea karatasi yangu ya ubaoni, kaikunja vizuri. Hakusema kitu kuhusu pini. Nimeifungua, nikaandika maana ya tatu chini ya ile ya pili, nikaiweka ndani ya daftari hili.

Kipini kiko ndani ya kikopo cha mama mkwe, kimefungwa kwenye pamba. Uvimbe umepungua. Chelewa sijaweka. Tundu limeanza kuziba.