Kisu Hujaribiwa kwa Mkono Wenye Samli

Kabula mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia hapa Kishapu, marahaba. Babu yako hajambo, mvua imetukumbuka na pamba imeota.

Unauliza ununue kisu gani cha kukunja huko Rwamgasa, maana mama ntilie kama wewe hakosi cha kukata na visu vyote dukani vinang'aa. Ngoja nikwambie alivyochagua mama yangu.

Nikiwa msichana, tulikwenda mnadani kuuza samli. Mama alipofika kwa muuza visu, alijipaka samli mikono yote miwili, ndipo akaanza kuvifungua kimoja kimoja.

"Mama, unanichafulia bidhaa!" muuzaji akalalamika.

"Sinunui cha kuangalia, baba."

Vikubwa vilimteleza. Akachukua kidogo chenye mpini wa mbao, kilichofunguka bila kumsumbua, na hakikujikunja alipokigandamiza. Watu walicheka, nami nikaona aibu.

Masika yale, tukiwa tunalima, maksai wetu alianguka kwenye tope na kamba ikamkaba shingo. Sote mikono ilikuwa tope tupu. Mama akatoa kile kisu, kikafunguka papo hapo, akakata kamba. Maksai akahema, akasimama. Mwaka ule tulivuna.

Kisu hicho nimekinoa, mjomba wako anakuletea. Lakini usikipende kwa sababu ni cha mama yangu. Mikono yako wewe haikauki mafuta ya maandazi, kwa hiyo kijaribu hivyo hivyo. Kikikukatalia, kirudishe ununue chako. Sitanuna.

Bibi yako wa Kishapu