Madigadi ya Shemeji Juma

Wanale, Jumapili usiku

Acha asukume. Mimi nimeshaoga na kula hapa kwa shangazi, na shemeji Juma ndiyo kwanza anaingia, tope hadi magotini.

Jana Mafubira, wakati tunafunga mizigo, alinicheka mbele ya wageni wote. "Shemeji, mlimani utaenda na pikipiki ya kubebea matoke? Na hiyo madigadi mbona iko juu hivyo, imegombana na tairi?" Wageni wakacheka, mume wangu naye akacheka. Hilo sijalisahau.

Leo hadi Mbale tumekuja vizuri. Kupanda huku, mvua ikatukuta. Tope likajaa kati ya tairi na madigadi ya lile pikipiki lake kubwa, gurudumu likagoma kuzunguka. Yangu niliiinua makusudi, tope linadondoka lenyewe.

"Shemeji, una spana niifungue hii?"

"Sina," nikamwambia, nikapanda zangu.

Spana ilikuwa mfukoni. Sasa iko chini ya mto wangu. Kesho ateremke akichokoa tope kwa kijiti. Madigadi yake nitaiinua mimi mwenyewe, lakini Mafubira, mbele ya wale wale waliocheka.