Sindano Kabla ya Alhamisi Kuu

Jumatatu, 30 Machi 2009

Mtoto kalala, Teklia wangu, hatimaye. Nimefungua kopo la marehemu mama. Harufu ya pakanga ikanipiga puani — alikuwa anaweka majani yake makavu humo, nondo wasile nyuzi. Nikakaa nalo mapajani kwanza, sikugusa kitu.

Kila rangi kaizungushia kipande cha boksi la viatu, na namba kwa penseli. Hakuna uzi uliogusana na mwenzake. Na zangu mimi! Zimo kwenye mfuko wa nailoni, kama matumbo ya kuku.

Chini kabisa, shati la Pasaka alilokuwa akimshonea Ilinka, binti yangu mkubwa. Kifua kimekamilika, na mkono mmoja: majani ya mishono ya misalaba, maua ya shanga. Mkono wa pili ni kitambaa kitupu. Kifo kilimkuta hapo, mwezi wa kumi.

Nimemvalisha Ilinka kujaribu. Kola inapita kichwani kwa shida. Kwa hiyo ni Pasaka hii au basi, mwakani halitamwingia. Na kuanzia Alhamisi Kuu hakuna anayeshika sindano hadi wiki ya Pasaka iishe. Nina siku kumi na sita — toa Jumapili mbili.

Nimeanza na sindano yangu ya misalaba, ile butu. Haipiti kwenye ushanga. Nimelazimisha. Shanga tatu zimepasuka. Mjinga mimi.

Jumatano, 1 Aprili

Sokoni, na Teklia kifuani. Nilimwambia bibi wa sindano nataka nyembamba, ya shanga. Akauliza ushanga wenyewe uko wapi. Sina. Akacheka mpaka wenzake wakageuka: ama kweli, umekuja kununua kiatu, mguu umeuacha nyumbani!

Bahati — mmoja ulikuwa umenasa kwenye soksi ya Teklia. Tukaujaribu. Sindano ya kwanza, ushanga ulishuka ukakwama penye tundu la uzi, ndipo palipo panene. Ya pili vilevile. Ya tano ukateleza wote, ukadondoka kiganjani. Hiyo! Nimenunua tatu. Kanionya zinapinda, wala zisisukumwe kwa hasira.

Ijumaa, 3 Aprili

Nyuzi zangu nimezizungushia vipande vya boksi, namba na kila kitu. Shanga nimezitia kwenye vichupa vya chakula cha mtoto. Vyote vimo ndani ya kopo, kopo kabatini, mbali na jua na mvuke wa jiko.

Sindano ya kwanza imepinda. Hasira.

Jumatano, 8 Aprili

Majani ya misalaba yamekwisha, maua ya shanga manane kati ya kumi na mawili. Nashona dirishani mtoto akilala mchana. Taa hudanganya rangi. Uzi naupitisha kwenye nta ya nyuki, hausokotani tena.

Mama mkwe, Domnika, alipita na sufuria ya mamaliga, ugali wetu wa mahindi. Akasimama, akatazama. Nikamwambia akae, sindano ipo nyingine. Akasema macho yake yamekufa, tena sindano haipokezwi mkono kwa mkono, huleta ugomvi. Ugomvi upi, Mama, wakati hata kuongea hatuongei? Hilo sikulisema. Yeye na marehemu mama walikuwa na ugomvi, miaka saba wakikaa mabenchi tofauti kanisani.

Jumapili, 12 Aprili. Jumapili ya Matawi

Leo haishonwi. Nimelitundika shati dirishani tu, nilitazame. Mkono nimeumaliza jana! Maua yote kumi na mawili!

Jua likaingia. Upande wa mama unang'aa. Wangu umelala kama umefunikwa vumbi.

Nikasogeza macho. Shanga zake zote zimelalia kule, zangu zote huku. Mama alitumia mkono wa kushoto. Nimemtazama akishona tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kuliwaza hilo.

Nimemwonyesha mama mkwe. Akasema mama yako alifanya kila kitu kinyume, hata supu aliikoroga kinyume, mvalishe mtoto hivyo hivyo. Nikasema nabomoa shanga zote.

— Siku tatu kabla? Una wazimu, mwanangu.

Labda. Lakini ni shati la mwisho la mama. Nataka lionekane limetoka kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimebomoa. Misalaba nimeiacha. Shanga zimo kwenye kisosi. Ilinka alilia, akasema nimeliharibu shati la bibi. Nikamkumbatia. Akasema basi nivae hivyo hivyo. Hapana. Akasema mama mbaya. Sawa, mama mbaya. Nenda kanawe uso.

Maua mawili, kila mshono nikiuanzia upande aliouanzia mama. Teklia anaota jino.

Jumanne, 14 Aprili

Jino. Ua moja tu! Sindano ya pili imevunjika. Imebaki moja.

Jumatano, 15 Aprili

Leo jua likizama, basi. Asubuhi yalibaki maua tisa.

Nilishona na Teklia mapajani. Akalia, nikalia. Saa nane mchana yalibaki sita. Nikaweka kitambaa mezani, nikasema kwa sauti, imeshindikana.

Sikujua mama mkwe yuko mlangoni. Akavua kilemba chake cha kutokea, akavaa miwani — kumbe anayo miwani! — akasema haya, nyonyesha mtoto. Akakaa kwenye mkono wa kiti changu. Akauliza, huyo mama yako, shanga zake zilikuwa zinalalia upande gani?

Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama mkono wa shati alioushona mama kwa muda mrefu, karibu na dirisha. Akasema, polepole, alikuwa na mkono safi yule mwanamke. Akaongeza, sikuwahi kumwambia.

Nikachomeka sindano kwenye kitambaa ili aichukue mwenyewe. Akakunja uso. Akanyoosha kiganja: nipe bwana, tumeshagombana ya kutosha.

Nikampa. Mkono kwa mkono.

Tunabadilishana hivyo tangu wakati huo. Yeye ua, mimi ua. Anayengoja ndiye anayembeba Teklia. Sasa zamu ni yake, Teklia amesinzia begani kwangu, ndiyo maana naandika, kwa mkono mmoja.

Limebaki ua moja na nusu. Jua limefika kwenye paa la jirani. Ilinka kanawa uso bila kuambiwa, amesimama kando ya bibi yake na fulana ya ndani, mikono juu tayari, kama anayevalishwa. Nimemwambia ashushe, atachoka. Hataki.

Mama mkwe hainui kichwa. Anasema Vasilina, acha kuandika, nitungie uzi mwingine. Ananinyooshea sindano. Naweka kalamu.